Kuchagua Piano ya Nyumbani

Muhula uliopita, siku ya wazazi, watu watatu walinijia mmoja baada ya mwingine na swali moja. Kila mmoja ana mtoto apendaye muziki, kila mmoja ameweka akiba kidogo, na kila mmoja ameona madukani vinanda vya umeme vya namna nyingi asijue kipi ni kipi. Kwa kuwa mimi hupiga kinanda cha kwaya ya shule yetu, walidhani kwamba jambo hili nalijua tangu zamani. Sikuwaficha. Niliwaambia kwamba nililijua baada ya kupoteza fedha. Mhariri aliposikia habari hiyo alinitaka niiandike, ili kosa langu liwafae wengine. Basi nawaomba wasomaji mniwie radhi nianze na kosa lenyewe.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na umri wa miaka 9, na kila nilipofanya mazoezi alisimama nyuma yangu akitazama vidole. Nyumbani tulikuwa na shilingi 450,000 tulizoweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Mama yake akasema mabati yangoje, mtoto apate kinanda. Nikasafiri mpaka Dar es Salaam, nikaingia Kariakoo. Muuza duka mmoja akaniwashia kinanda chenye taa nyekundu na kijani, kikapiga ngoma na zumari chenyewe bila kuguswa. Akaniambia, "Mwalimu, hiki kina sauti mia sita. Kile kirefu pale kina sauti kumi tu, na bei yake ni mara tatu. Chagua mwenyewe." Hesabu yangu ikawa nyepesi sana: mia sita zazidi kumi. Nami ndiye mwalimu wa hesabu wa shule hii!

Mtoto alifurahi, akapiga kila jioni kwa muda wa miaka 2. Mwaka 2021 tukasikia kwamba mwalimu mmoja wa muziki mjini anatafuta watoto wa kuwafundisha bure kila Jumamosi, nami nikampeleka binti yangu ajaribiwe. Chumbani mlikuwa na piano ya kweli, ya mbao na nyuzi. Binti yangu akaketi, akaanza. Noti alizijua zote. Lakini alipobonyeza kwa wepesi kama alivyozoea, nusu ya noti hazikutoa sauti kabisa. Na alipoona hivyo akatia nguvu, zikalia kama mtu agongaye mlango usiku. Baada ya dakika chache vidole vikachoka. Yule mwalimu akaniambia kwa upole, "Mtoto huyu anajua noti. Ila vidole vyake havijapata kubeba kitu." Nafasi akapewa mwingine.

Katika basi binti yangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, kwani kinanda chetu si piano?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimelipata baadaye, na ndilo nitakalo kuwaeleza hapa.

Jibu limo ndani ya jina lenyewe. Piano ilibuniwa mnamo mwaka 1700 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, na fundi aitwaye Bartolomeo Cristofori. Vinanda vya nyuzi vilivyotumika sana kabla ya hapo vilikwanyua nyuzi kwa kijiti, na hata mpigaji angebonyeza kwa nguvu namna gani, sauti ilitoka karibu ile ile. Cristofori aliweka nyundo ndogo badala ya vijiti. Ukibonyeza ufunguo pole, nyundo hugonga uzi pole. Ukibonyeza kwa nguvu, nyundo hugonga kwa nguvu. Kwa hiyo chombo chake kiliitwa kwa maneno mawili ya Kitaliano, piano na forte, yaani "pole" na "kwa nguvu". Jina limefupishwa, lakini maana imebaki. Chombo kisichoweza kusema pole na kusema kwa nguvu, kufuatana na kidole cha mpigaji, si piano, hata kikiwa na sauti elfu moja.

Piano ya kweli ni chombo kizuri mno, ila kwa nyumba nyingi za kwetu haifai. Hata ile isimamayo wima ukutani aghalabu ina uzito wa kilo 200 au zaidi. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, nazo hulegea polepole, hivyo hutakiwa fundi wa kuzikaza mara moja au mbili kila mwaka. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao zake, na mchwa hawaulizi bei yake. Ndiyo sababu watu wengi siku hizi hununua piano ya dijitali. Hii haina nyuzi. Aghalabu watengenezaji huchukua piano kubwa nzuri, wakanasa sauti za noti zake zikipigwa pole na zikipigwa kwa nguvu, kisha wakazihifadhi katika kumbukumbu ya chombo. Unapobonyeza ufunguo, vipokezi vilivyo chini yake hupima mwendo wa ufunguo huo, na chombo hutoa sauti ipasayo. Haihitaji kukazwa nyuzi kamwe, na mtu mmoja aweza kuibeba.

Sasa basi, mnunuzi atazame nini? Nitayataja mambo kwa taratibu ya umuhimu wake, na la kwanza ni funguo, yaani vile vipande vyeupe na vyeusi vinavyobonyezwa kwa vidole.

Piano kamili ina funguo 88: nyeupe 52 na nyeusi 36. Vinanda vingi vya bei ndogo vina funguo 61. Mwanafunzi aanzaye atatosheka na 61 kwa muda, kwa kuwa nyimbo za mwanzo hukaa katikati. Lakini muziki mwingi ulioandikwa kwa ajili ya piano huhitaji kwenda chini na juu zaidi ya hapo, ndipo mkono unapofika ukingoni ukakuta ubao mtupu. Hata hivyo, idadi si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni uzito.

Kuna funguo za namna tatu. Namna ya kwanza ni nyepesi, hazipimi nguvu ya kidole. Ukibonyeza vyovyote sauti ni ile ile. Hizo ni za kuchezea. Namna ya pili ni nyepesi vile vile, lakini hupima nguvu. Pole hutoka pole. Namna ya tatu hupima nguvu, na zaidi ya hayo zina nyundo ndani, si za kugonga nyuzi, bali za kukipa kidole uzito wa kubeba. Katika piano ya kweli hutakiwa uzito wa gramu 50 hivi kuushusha ufunguo wa katikati. Ni kidogo, lakini mtoto aubonyezapo mara elfu kadhaa kwa siku, vidole hupata nguvu na utii. Katika piano nzuri za dijitali, funguo za chini upande wa kushoto ni nzito kidogo, nazo huwa nyepesi kadiri unavyokwenda kulia, kama ilivyo katika piano ya nyuzi. Kinanda changu cha mwaka 2019 kilikuwa cha namna ya kwanza. Miaka 2 nzima binti yangu alifundisha vidole vyake kazi isiyokuwapo.

Jambo la pili ni sauti. Msihesabu sauti ngapi. Sikilizeni moja tu, ile ya piano. Yamaha P-45 iliyotoka mwaka 2015 ina sauti 10 tu. Casio CDP-S100 ya mwaka 2019 nayo ina 10. Roland FP-10 ya mwaka huo huo ina 15. Zote tatu zina funguo 88 zenye nyundo. Mtaona basi kwamba fedha za mnunuzi zimekwenda katika funguo, wala hazikwenda katika zumari na ngoma. Maskini mimi, nilikuwa nimesimama mbele ya piano nikaidharau kwa sababu ya uchache wa sauti zake!

Katika karatasi ya maelezo mtakuta pia hesabu nyingine, kama 64 au 96. Hiyo ni idadi ya noti ambazo chombo chaweza kuziliza kwa wakati mmoja. Mtu atauliza, vidole ni 10, noti 64 za nini? Ni kwa sababu ya pedali. Ukiikanyaga pedali, noti zilizokwisha pigwa huendelea kulia huku nyingine zikiongezwa, na chombo chenye nafasi chache hukata za kwanza ghafula. Kwa mwanafunzi 64 zatosha. Yamaha na Casio nilizozitaja zina 64, na Roland ina 96.

Jambo la tatu ni umeme. Hapa wengi huunguza mali yao. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. Chombo kilichokwisha kutumika huko chaweza kuja na adapta ya huko. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi madogo mgongoni mwa adapta, mahali palipoandikwa INPUT. Ikiwa pameandikwa 100-240, haina neno. Ikiwa pameandikwa 100 peke yake au 120 peke yake, usiichomeke. Tafuta adapta nyingine yenye volti za kutoka, nguvu, na mpangilio wa chanya na hasi kama vile chombo kinavyotaka. Piano zote tatu nilizozitaja hutumia adapta itoayo volti 12. Lakini mtu asidanganyike akaziunganisha moja kwa moja na betri ya gari au ya sola, kwa kuwa betri hiyo inapochajiwa volti zake hupanda kupita 12.

Nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara itafaidika na piano ikubaliyo betri ndogo. CDP-S100 hutumia betri 6 za namna ile itiwayo katika saa ya ukutani. Yamaha P-45 na Roland FP-10 hazina mahali pa betri.

Jambo la nne ni ukubwa. Piano hizi zina urefu wa mita 1 na sentimita 30 hivi, na uzito wa kati ya kilo 10 na 13, yaani zaidi kidogo ya nusu debe la mahindi. Spika zake ni ndogo. Zatosha sebuleni, hazitoshi ukumbini. Lakini zina tundu la hedifoni, na tundu hilo ni neema katika nyumba ndogo. Mtoto hufanya mazoezi usiku, mdogo wake amelala, na jirani hajui kitu.

Juu ya bei, zote tatu zilipotoka ziliuzwa Marekani karibu na dola 500 za Kimarekani, kabla ya nauli na ushuru. Kwetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Si fedha kidogo. Ndiyo maana wengi wetu tutanunua chombo kilichokwisha kutumika, wala si vibaya, maadamu mnunuzi akijaribu kwa makini. Mimi hujaribu hivi.

Kwanza, kabla ya kuwasha, nabonyeza funguo zote 88 mmoja mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Kila mmoja yapasa ushuke na kurudi bila kukwama, usitikisike kwenda kando, wala usigonge kwa kelele kuliko jirani zake. Pili, nawasha, nachagua sauti ya piano, nabonyeza ufunguo mmoja pole kabisa, kisha wastani, kisha kwa nguvu. Nikisikia sauti tatu mbalimbali, naendelea. Nikisikia moja tu, narudisha kiti na kumshukuru mwenye duka. Tatu, napita tena funguo zote kwa nguvu moja. Ufunguo upigao kelele peke yake, au ulio bubu, una ugonjwa, na spea zake si rahisi kupatikana. Nne, naunganisha pedali, napiga noti tatu pamoja, naikanyaga na kuinua vidole. Sauti yapasa ififie polepole, na nikiiachia pedali ikatike mara moja. Tano, nasikiliza kwa hedifoni, maana spika ndogo huficha mikwaruzo. Kazi yote hii haizidi nusu saa. Muuzaji asiyekupa nusu saa ana sababu yake.

Yafaa niseme pia habari ya wale wasio na milioni. Msikate tamaa, wala msione haya. Kinanda cha funguo 61 za ukubwa wa kawaida, zinazopima nguvu ya kidole, ni mwanzo mwema. Mtoto atajifunza kusoma noti, kuhesabu mapigo, na kutenganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Na kwa mtu atakaye kusindikiza kwaya kwa sauti za ogani na midundo, kinanda cha funguo nyepesi ndicho hasa kimfaacho. Mimi mwenyewe natumia hicho hapa shuleni. Kosa langu halikuwa kununua kinanda. Kosa lilikuwa kununua kinanda nikidhani nimenunua piano, na kumwambia mtoto hivyo. Fedha zikiwa chache, acheni kwanza sauti nyingi, kisha midundo, kisha mapambo yote ya taa. Mwishoni, ikibidi, punguzeni idadi ya funguo. Lakini kupima nguvu ya kidole msikuache kamwe.

Mkishapata chombo, msikiweke juu ya meza ya kulia chakula. Meza hiyo kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi, na ukiongeza unene wa piano, mtoto atapiga mabega yakiwa masikioni. Mpeni seremala kazi ya stendi ya mbao ya sentimita 60 hivi, ili kiwiko cha mpigaji kiwe sawa na funguo. Kifunikeni kwa kitambaa safi dhidi ya vumbi, na kikombe cha chai kisikaribie.

Nasi tulifanyaje? Kile kinanda cha taa tulikiuza kwa hasara. Mama yake akafuga kuku, nami nikafundisha masomo ya jioni, na kila shilingi tukaiandika katika daftari. Mwishoni mwa mwaka 2022 tukapata CDP-S100 iliyokwisha kutumika. Niliikuta na ufunguo mmoja ukwaruzao, nikaonyesha, bei ikashuka. Kwa kweli funguo za Roland nilizijaribu na zilinipendeza zaidi, lakini umeme wetu wakati ule ulikuwa ukikatika mara kwa mara, nikaona heri chombo kitumiacho betri.

Juma la kwanza binti yangu alilalamika kwamba vidole vyauma. Juma la pili alilalamika kidogo. Mwezi wa tatu akaniita jikoni nisikilize kitu, akapiga wimbo wa kubembeleza mtoto, pole sana, wala hapana noti hata moja iliyopotea. Mwaka uliofuata alirudi kwa yule mwalimu wa mjini. Mimi niliketi nje kwenye benchi. Mlango ulikuwa umefungwa, nami nilitega sikio nisikie zile noti za pole, zilizompotea mara ya kwanza. Nilizisikia. Siku hizi kila Jumamosi hupanda basi la saa moja asubuhi kwenda kufundishwa.

Mabati ya jiko bado yangoja, na mvua ikinyesha twapika chini ya turubai. Mama yake hajalalamika, ila mara moja moja hunikumbusha kwamba kama ningejua mwaka 2019 niliyoyajua mwaka 2022, tungekuwa na piano na mabati pia. Ni kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi mzazi atakaye kununua aandike kwanza katika daftari lake: funguo, sauti moja, umeme, ukubwa, bei. Kisha ndipo aingie dukani.

Na yeyote apendaye kuonja tofauti kwa vidole vyake mwenyewe, mzazi au mwanafunzi, Jumamosi ya pili ya muhula ujao, baada ya usafi, nitaileta piano yetu katika ukumbi wa shule na kuiweka kando ya kinanda cha kwaya. Njoo ubonyeze hiki, kisha kile. Hutahitaji maelezo yangu tena.